Simu ya Watu wa Michezo

Kosa langu la mwanzo kabisa kazini halikuwa la mikono, lilikuwa la mdomo. Katika mwaka wangu wa kwanza kwenye karakana ya Papa Kambale, pale Majengo, mjini Goma, nilisimama mbele ya wateja na kutangaza kwamba kampuni inayotengeneza mashine ya michezo ya video tunayochezea inapaswa kutengeneza na simu. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Nililirudia neno hilo mpaka likawa kama imani yangu, na kampuni ilipotengeneza simu kweli, niliifanya karakana nzima iifuate.

Nimestaafu. Najua mtacheka, maana sijafika miaka thelathini, na mtu wa umri wangu huacha kazi, hastaafu. Lakini anayeacha kazi anaweza kuirudia. Yangu haipo tena, kwa hiyo nimeazima neno la wazee. Nawaandikia ninyi mlioshika bisibisi juzi juzi. Habari za nani alipata kiasi gani sitazigusa, hazimfundishi mtu kufungua kitu.

Siku ya kwanza Papa Kambale hakuniomba diploma. Ningempa nini? Nilikuwa nimejifunza mwenyewe, kwa kufungua redio ya nyumbani, kisha televisheni ya jirani, kisha kumwomba jirani msamaha. Papa alikuwa mtu wa Butembo, mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Chumba chake kiligawanywa na pazia. Mbele kulikuwa na sale, ndivyo tunavyoita chumba cha kuchezea: mashine nne, televisheni nne, mabenchi, na vijana wanaotukanana kwa mapenzi. Nyuma ya pazia kulikuwa na meza ya kutengenezea.

Alinipa brashi na mashine iliyokufa.

Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano, na mawe hayo yanasagika kila siku chini ya pikipiki. Vumbi lake jeusi huingia kwenye feni ya mashine, linanenepa humo kama sufi, mashine inapata joto, inajizima. Robo tatu ya wagonjwa wetu waliugua vumbi tu. Unatoa skrubu, unainua kifuniko, unatoa feni, unapiga brashi, unabadilisha mafuta meupe yanayopoza kichwa cha mashine, unafunga. Nilifanya hivyo asubuhi nzima kwa mashine moja. Kila skrubu niliipanga juu ya kitambaa mahali pake kama ilivyokuwa kwenye mashine, kisha nikazifuta moja moja.

Papa akachungulia. "Mwana, uko unasafisha mashine ao kikombe ya padri?"

"Nataka ikuwe muzuri, Papa."

"Iko muzuri tangu saa tatu. Mwenyewe anangoya."

Nilikuwa mtu wa wasiwasi, na bado ndivyo nilivyo. Nikishamkabidhi mteja mashine, nilikuwa natembea nyuma yake hadi barabarani kwa kisingizio cha kununua maandazi, nikisikiliza kama kuna kitu kinacheza ndani. Papa aliona yote hayo na hakunicheka sana. Siwezi kusema alinifundisha umeme, alinifundisha kuiachia mashine iende.

Nyuma ya meza kulikuwa na rafu ndefu tuliyoiita morgi, yaani chumba cha maiti. Hapo zililala mashine zisizopona, na hizo ndizo zilizotulisha, maana vipuri vipya havikufika Goma. Ukitaka feni, unaitoa kwa marehemu. Ukitaka kifaa cha kuingizia umeme, hivyo hivyo. Lakini Papa alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Kila ukitoa kipande kwa marehemu, ulipaswa kumtafuta aliyekuwa mwenye mashine hiyo na kumwambia kipande chake kimekwenda kwa nani. Watu walilipenda jambo hili kuliko nilivyotegemea. Nimemwona askari wa kambi ya Katindo akimnunulia soda mwalimu asiyemjua kabisa, kwa sababu feni ya mwalimu ilikuwa inazunguka ndani ya mashine ya askari. Walikuwa wanaitana shemeji.

Sasa nije kwenye ule mdomo wangu.

Ilikuwa mchana, umeme umekatika, na mtu ametumwa mafuta ya jenereta. Vijana wamekaa mbele ya televisheni nyeusi. Kati yao alikuwemo Espoir, dereva wa pikipiki, mchezaji mbaya kuliko wote na msemaji hodari kuliko wote.

"Hii kampuni," alisema, "inashindwa tu kutufanyia telefone? Ningekuwa nacheza pa parking, nangoya bakliyan, bateja bangu. Pikipiki inaenda, miye naendelea."

"Utacheza na nani?" Papa aliuliza kutoka nyuma ya pazia.

"Na telefone yenyewe, Papa."

"Basi itakufunga tano bila, alafu utatukana nani?"

Walicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimelichukulia suala hilo kwa uzito wote. Nikatoka na brashi mkononi nikasema kwamba Espoir yuko sahihi. Nikasema simu zote tunazoziona zimefungwa kwa gundi kama kitu cha aibu, lakini watu hawa wa mashine ya michezo ni watu wa skrubu. Mashine yao inafunguka kwa mkono, kila kipande kinatoka peke yake. Wakitengeneza simu, nayo itafunguka, na itakuwa simu ya kwanza ambayo fundi wa Goma anaweza kuiponya kwa heshima.

Papa alivuta pazia. "Unajua juu ya nini mashine yao inafunguka?"

"Juu banaheshimu kazi."

"Juu iko kubwa. Nafasi iko, bisi, zile skrubu zako, zinaenea. Hawakufikiria weye hata kidogo." Kisha akaongeza, na hapo ndipo alipokosea yeye: "Na telefone hawatafanya. Batu ba michezo banabaki na michezo."

Neno lake la kwanza liliniuma, la pili nikaliweka akiba. Miaka michache baadaye kampuni ikatangaza simu yake, na mimi, badala ya kukumbuka la kwanza, nikakumbuka la pili. Papa alikosea, basi mimi nilikuwa sahihi. Hivyo ndivyo nilivyopiga hesabu, mtu niliyekuwa nafuta skrubu moja moja.

Aliyeileta Goma ni Yaya Clarisse, yaya kwetu ni dada mkubwa, mfanyabiashara aliyekuwa akienda Kampala kuchukua simu na kurudi nazo kwa mifuko. Alinipigia kutoka barabarani. "Bahati, ile telefone yako imetoka. Niko nayo kwa mukono."

Sitakataa kwamba ilikuwa nzuri. Ilikuwa na vitufe pembeni kama vya mashine yenyewe, na kioo kilichojaa mpaka ukingoni. Espoir aliishika akanyamaza, jambo ambalo hatujawahi kuliona. Papa aliigeuza geuza.

"Iko nyepesi," alisema.

"Hiyo ni sifa, Papa."

"Sijasema ni kilema."

Niliifungua ya kwanza siku hiyo hiyo. Hapakuwa na skrubu nje. Ilinibidi kuipasha joto pembeni na kuipenyeza kadi ya plastiki taratibu mpaka gundi iachie. Mkono wangu ulijua wakati huo huo kwamba nimedanganyika. Lakini ndani nilikuta skrubu mbili tatu ndogo kama chembe za mchanga, nikazishangilia kama mtu aliyekuta ndugu zake ugenini. Nikamwambia Papa: unaona, ni watu wale wale.

Halafu nikaanza kumshawishi. Nilimwambia sale imechakaa, vijana wanapungua, kila mtu anataka kucheza mkononi. Nilimwambia tuwe wa kwanza mjini kuuza na kutengeneza simu hii. Hapo niligusa jambo ambalo wote tulilijua na hatukulisema: macho yake. Ubao wa ndani wa mashine ni mpana kama sahani, aliweza kuusoma kwa vidole. Ubao wa simu ni kama kiberiti kilichopasuliwa.

"Ile miye siioni," alisema. "Unajua."

"Utakuwa unapokea bakliyan, Papa. Mbele. Miye niko kwa meza."

"Kupokea."

"Batu banakujua. Bataamini juu yako."

Alisafisha miwani. "Bon," alisema. "Weye ndio unasoma hii mambo."

Mashine nne ziliuzwa kwa watu wa Rutshuru. Mabenchi yaliondolewa, tukaweka kabati la kioo. Pazia lilibaki. Na mimi, kwa ile tamaa yangu ya kila kitu kuwa safi, niliondoa morgi. Nilimwita mnunuzi wa chuma chakavu, akaja na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, akapakia marehemu wote, mpaka gurudumu la mbele likawa linalalamika. Papa alisimama mlangoni akiangalia chukudu ikishuka barabara. Jioni nilifuta rafu kwa sabuni nikapanga juu yake maboksi mapya, yote yakitazama upande mmoja.

Mwanzo simu ziliuzika. Espoir alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Papa alikaa mbele kwenye kiti, akiwasalimia watu kwa majina ya watoto wao, akiwaambia, "Bahati ameiangalia, iko muzuri." Kila aliyenunua alinunua sentensi hiyo.

Ardhi yetu ni jiwe. Simu ikianguka hapa haiangukii udongo. Ya Espoir ilianguka pa parking, kioo kikapasuka. Sikuwa na hofu, maana Yaya Clarisse alikuwa na moja iliyoungua ubao, kioo chake kizima. Nilifanya kama tulivyofanya siku zote: nikatoa kwa marehemu, nikaweka kwa mgonjwa. Kioo kiliwaka. Kisha maandishi yakatokea kwamba kipande hiki hakitambuliki, na nilipogusa, nusu ya kioo haikusikia. Vitufe vya pembeni vikawa vimekufa.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana yanaweza kuwapata. Nilijilaumu mimi. Nilifungua tena, nikasafisha kila mguso kwa pombe, nikafunga, maandishi yale yale. Nilibadilisha waya. Nilinunua hadubini. Nilianza kuamini kwamba mikono yangu inatetemeka, nikawa naiangalia wakati wa kula. Espoir akija, Papa alimwambia arudi kesho, kwa sababu mimi nilikuwa nimemwambia Papa amwambie hivyo. Kesho hizo zilikuwa nyingi. Kila anayejifundisha mwenyewe anajua hofu hii: hujui kama hujui kitu ambacho wenzako walifundishwa siku ya kwanza.

Mwishowe nilifanya jaribio ambalo ningelifanya mapema kama ningejiamini kidogo zaidi. Nilichukua simu mbili mpya, nzima, kutoka kwenye kabati. Nikabadilishana vioo vyao. Zote mbili zikakataa. Nikarudisha kila kioo kwa simu yake. Zote mbili zikafanya kazi kama hakuna kilichotokea. Kwa hiyo mikono yangu haikuwa na kosa. Kila simu ilikuwa imefundishwa kiwandani kuvijua vipande vyake yenyewe na kukataa vya mwenzake.

Nilimweleza Papa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ni kusema mbili zinatoka kwa kiwanda moja, sawasawa, na hazikubaliane?"

"Ndiyo, Papa."

"Nani alizikataza?"

"Benyewe. Bale ba kampuni."

"Sasa ikikufa?"

"Inatumwa kwao."

"Wapi?"

Nilimtajia nchi. Aliinua miwani, akaishusha. "Basi ni kusema inakufa," alisema.

Kilichofuata mnaweza kukikisia. Simu haikuuzika vizuri huko kwa wenye pesa, kampuni ikatangaza kwamba inaacha simu na kurudi kwenye kazi yake. Ilisema hivyo kwa maneno mazuri, ikawashukuru wote. Baada ya muda, mahali pa kupakulia michezo ndani ya simu pakafungwa, na michezo ambayo watu walikuwa wameilipia ikawa haifunguki. Huko mbali nadhani watu walikasirika siku mbili wakanunua simu nyingine. Majengo walikuja kwetu, na aliyekuwa amekaa mbele ni Papa Kambale.

Espoir alikuja bila mzaha hata mmoja. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikisikia kila kitu.

"Papa, mulitudanganya."

"Sikia, Espoir."

"Nimesikia sana. Kesho, kesho. Siye hatukununua kwa kampuni. Kampuni hatuijue. Tulinunua kwa Papa Kambale."

"Ni kweli," Papa alisema. "Ni miye niliuzisha."

"Basi unajibu nini?"

"Ukipenda, kaa."

Espoir hakukaa. Wengine walikuja wakapiga kelele, mama mmoja alimwita Papa mwizi mbele ya watoto wa shule, naye aliendelea kuwaita watu hao kwa majina ya watoto wao. Mimi nilikuwa na bisibisi mkononi na sikuwa na cha kufungua. Sikutoka. Niliwaza kila mara sentensi kamili ya kutokea nayo, na kwa kuwa haikukamilika, nilibaki nyuma ya pazia.

Walipoondoka nilimwambia, "Papa, ungesema ni miye."

"Kwa mulango kumeandikwa jina ya nani?"

Nilidhani yameishia hapo. Alikuwa anafunga kabati, bila kunitazama.

"Kwa hii nyumba nilikuwa fundi, Bahati. Weye ulinikalisha kwa mulango kama sentineli, kama mulinzi. Na miye nilikaa."

Hakulirudia tena, na hakuhitaji. Alijaribu kurudia kazi yake ya zamani. Alipata mashine moja kuukuu Keshero, akaiweka mbele, vijana wachache wakaja. Feni ikafa, akageukia rafu kwa mazoea, mkono ukakuta maboksi. Feni ile hatukuipata popote mjini. Pengine ilikuwa imeyeyushwa pamoja na zingine kuwa sufuria.

Kisha mambo ya mji yakawa yale mnayoyajua, njia zikafungwa, watu wakahama. Papa alifunga mlango akaenda Butembo kwa binti yake. Watu wa Majengo husema karakana iliuawa na vita, na kwa muda mrefu niliwaacha waseme, kwa sababu vita ni sababu ambayo haimuulizi mtu maswali. Lakini karakana ile iliwahi kupita katika vita vingine, na volkano, na miezi bila umeme. Ilikuwa imeshakufa kabla ya risasi, na aliyeiua ni mimi, nikisaidiana na watu wasiojua kwamba Majengo ipo.

Niliendelea peke yangu, nikitengeneza vitu vya hapa na pale, nikiwa na tumaini moja. Kampuni ilikuwa imetangaza mashine mpya ya michezo. Niliwaza: wamerudi kwenye kazi yao. Mashine kubwa, skrubu, nafasi. Nitaanza morgi upya, nitamwita Papa. Yaya Clarisse alipoleta mbili za kwanza, zimetumika kidogo, nilizichukua zote. Nilizifungua kwa uangalifu wa siku yangu ya kwanza. Skrubu zilikuwepo. Feni ilikuwa kubwa, nzuri. Nilibadilishana kisoma diski cha moja na cha nyingine, nikafunga, nikawasha.

Kipande hiki hakitambuliki.

Watu bado wananiuliza kama kampuni ya michezo ifanye simu au isifanye, maana inasemekana nyingine nayo inataka kujaribu. Wanaposema isifanye, huwa wanasema simu ni nyingi tayari, itapata hasara. Hasara ni yao, watajua wenyewe. Mimi nasema isifanye kwa sababu nyingine. Simu ile ilikufa upesi, lakini mafundi wa kampuni walioifanya hawakufa. Walirudi kwenye meza ya mashine wakiwa na walichojifunza kwenye simu: gundi, kufuli, na ile akili ya kumkatalia mtu kitu alichokinunua. Zamani hawakututendea mema kwa makusudi, Papa alisema kweli, walikuwa hawajafikiria tu. Kwenye simu ndipo walipojifunza kufikiria.

Nilimpigia Papa Butembo. Sauti yake ilikuwa nzuri, kulikuwa na kuku nyuma yake. Nilimwambia nimefungua mashine mpya.

"Inafunguka?"

"Inafunguka, Papa. Bisi ziko."

"Inakubali kipande ya ingine?"

"Haikubali."

"Basi achana nayo, mwana," alisema. "Usimuambie mutu utaitengeneza."

Nilizirudisha mashine zote mbili kwa Yaya Clarisse zikiwa safi, skrubu zote mahali pake. Sasa natunza stoo ya unga na sabuni Keshero. Papa Kambale hatengenezi tena kitu, na Majengo hakuna fundi wa mashine za michezo. Ikiharibika, mwenyewe anaitupa, na hakuna anayekuja kumwambia kipande chake kimekwenda kwa nani.